Kabla ya Kutuma Mswada wa Utafiti wa Virusi kwa Jarida

Watafiti vijana wanaponiletea miswada yao niisome kabla ya kuituma kwa jarida, mara nyingi nakuta nguvu zimeishia kwenye utangulizi: kurasa juu ya kurasa kuhusu madhara ya dengue duniani, kisha aya mbili za mbinu zinazosema tu kwamba vipimo vilifanyika kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Ushauri wangu huwa ni kuandika kwanza mbinu, majedwali na picha, na kuuacha utangulizi hadi mwisho. Ninapohakiki mswada huanzia huko, na nikishindwa kuona jinsi maabara nyingine inavyoweza kuirudia kazi hiyo, mjadala uliopambwa vizuri haunishawishi.

Tuchukue utafiti wa kawaida kwetu, wa wagonjwa wa homa wakati wa mlipuko wa dengue Dar es Salaam kama ule wa 2014 au wa 2019. Ikiwa umetumia PCR, kipimo kinachonakili chembe za urithi za kirusi hadi zionekane, andika mfuatano kamili wa praima zako (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili huo), kiasi cha RNA, yaani chembe za urithi za kirusi, kilichoingia kwenye kila kipimo, sampuli dhibiti ulizotumia, na thamani ya Ct (idadi ya mizunguko ya kunakili kabla ya kirusi kuonekana) uliyoifanya mpaka kati ya chanya na hasi pamoja na sababu ya kuichagua. Mwongozo wa MIQE wa 2009, unaoeleza taarifa za PCR zinazopaswa kuandikwa, umeyaorodhesha mambo haya, na ni vyema kuupitia kabla ya kuanza vipimo. Ikiwa umekuza virusi, taja kama ni kwenye seli za Vero, zilizotokana na figo la tumbili, au za C6/36, zilizotokana na mbu, na useme vimepitishwa kwenye seli hizo mara ngapi. Virusi hubadilika kadiri vinavyopitishwa, hivyo jenomu (taarifa yote ya urithi ya kirusi) uliyoisoma mwishoni huenda isiwe ile iliyokuwa kwenye damu ya mgonjwa.

Eneo linaloangusha miswada mingi ninayoisoma ni kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi. Virusi vya dengue, Zika, West Nile na homa ya manjano ni ndugu wa karibu, na kingamwili za IgG (aina inayodumu mwilini baada ya maambukizi) zilizotokana na kimoja huweza kuitikia kipimo cha ELISA, kinachotafuta kingamwili kwenye damu, kilichotengenezwa kwa ajili ya kingine; hata mtu aliyechanjwa dhidi ya homa ya manjano anaweza kuonekana chanya kwa kirusi ambacho hajawahi kukutana nacho. Kwa hiyo kichwa cha makala kinachotangaza kuenea kwa Zika katika wilaya fulani kwa ushahidi wa ELISA peke yake kinaalika kukataliwa. Dawa yake ni kipimo cha PRNT, ambapo seramu (majimaji ya damu yenye kingamwili) huzimuliwa hatua kwa hatua ili kuona inafikia wapi katika kuzuia virusi hai visitengeneze plaki (matundu ya seli zilizokufa), kisha matokeo ya virusi ndugu yakalinganishwa. Maabara isiyo na uwezo huo iandike wazi kwamba imepata kingamwili zinazoitikia virusi vya jamii ya flavi. Dai hilo ni dogo, lakini linasimama. Chikungunya, iliyotambuliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1952 na 1953, ina tatizo lilelile na ndugu yake o'nyong-nyong, iliyojitokeza Uganda mwaka 1959. Mhakiki wa mbali asiyeijua kanda yetu huenda asiliulize hilo, lakini wa Nairobi au Entebbe ataliuliza.

Majina hayahitaji maelezo marefu: fuata orodha ya ICTV, kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya virusi, ambapo jina la spishi, kwa mfano Orthoflavivirus denguei, huandikwa kwa herufi za mlazo, wakati jina la kirusi ulichokipata kwenye sampuli huandikwa kwa herufi za kawaida. Mifuatano ya jenomu iweke mapema GenBank, hifadhi ya umma ya mifuatano hiyo, ukitaja nchi, tarehe ya kuchukua sampuli na kiumbe ilikotoka, kwa kuwa namba za utambulisho zinazotolewa huko zinapaswa kuwemo ndani ya mswada; ukihofia kutanguliwa, unaweza kuomba isifunguliwe hadi makala itoke.

Kwa Tanzania, kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, hakitoshi, kwani ruhusa ya kuchapisha huombwa kivyake na inafaa kuianza wakati waandishi wenza wangali wanasoma rasimu. Kuhusu waandishi hao, masharti manne ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, yanamtaka kila mmoja awe amechangia kazi, ameshiriki kuandika au kuhakiki, ameridhia nakala ya mwisho na yuko tayari kuiwajibikia. Mkuu wa idara aliyetia saini ya kuagiza vitendanishi mahali pake ni kwenye shukrani, jambo ambalo, nakiri, ni rahisi kuliandika hapa kuliko kulisema ofisini kwake. Fundi wa maabara aliyefanya vipimo vyote apewe rasimu na nafasi ya kuichangia, maana asiyepewa hata kuisoma hawezi kuyatimiza masharti hayo.

Jarida lichague kwa kuangalia lilichapisha nini hivi karibuni kuhusu kirusi chako, na uzipuuze barua pepe zinazoahidi kuchapisha ndani ya wiki moja. Ada za kuchapisha zisikukatishe tamaa, kwani wachapishaji wengi huwasamehe waandishi wa nchi zilizo katika kundi A la Research4Life (mpango unaozipa nchi zenye kipato kidogo machapisho ya utafiti bure au kwa bei nafuu), Tanzania ikiwemo. Lakini baadhi yao hupokea ombi hilo wakati wa kutuma mswada tu, na makala ikishakubaliwa hawalisikilizi tena.