Unatua Jamaika? Weka haya sawa mapema

Mtu wa Mombasa au Dar akifika Jamaika, tatizo ni kwamba haoni ugeni. Magari yanapita kushoto kama kwetu. Probox zimejaa barabarani, zimebeba abiria kuliko viti. Jumapili watu wanapika wali na maharage kwa tui la nazi, na shelisheli la kuchoma lipo. Unajiona uko nyumbani, unalegea, na hapo ndipo pesa zinapoanza kukutoka.

Lakini wengi hukwama hata kabla ya kufika. Ukipitia Marekani, hata kama unabadilisha ndege tu, lazima uwe na viza yao, na mizigo utaichukua pale na kuikabidhi upya. Kupitia London nako kuna masharti ya viza, kwa hiyo uliza kabla hujashabikia tiketi ya bei poa. Soma pia jina la uwanja: Norman Manley ni wa Kingston, Sangster ni wa Montego Bay, na baina ya miji hiyo kuna kama saa tatu za barabara. Tiketi iliyopungua kidogo haina faida kama harusi unayoiendea iko upande wa pili wa kisiwa.

Fomu ya uhamiaji na forodha hujazwa mtandaoni, bure. Zipo tovuti zinazojifanya rasmi na kutoza dola, achana nazo. Andika anwani kamili ya utakapolala, maana ofisa ataiuliza tena. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae kwenye mkoba wa mkononi.

Sasa pesa, na hapa nitakaa kidogo. Jamaika wana dola yao, na wanaiandika kwa alama ileile ya dola ya Marekani. Moja ya Marekani ni zaidi ya 150 za kwao. Dereva wa uwanja wa ndege akikutajia 30, anamaanisha ya Marekani. Duka la mtaani likiandika 500, ni ya kwao. Bei zote mbili utazikuta siku moja, mtaa mmoja, kwa hiyo kila mara uliza ni dola ipi. Ukimpa muuza madafu noti ya 5 ya Marekani, atapiga hesabu kichwani, na chenji itarudi ya kwao kwa kiwango alichokipanga mwenyewe. Simlaumu, ni biashara. Toa pesa za kwao kwenye ATM ya benki na ulipe nazo. M-Pesa yako isahau. Mgahawani soma bili hadi chini, mara nyingi bakshishi imeshaongezwa.

Teksi halali zina bamba jekundu. Zile zinazofuata njia maalumu hupakia watu kama matatu, na nauli yake ni ndogo. Ila ukiingia peke yako, dereva anaweza kukuhesabu umekodi gari zima. Mwambie mapema kwamba unapanda pamoja na abiria wengine, na nauli umuulize mwenyeji kabla hujanyoosha mkono.

Umeme ni volti 110, plagi za pini mbili bapa. Chaja ya simu haina shida ukiwa na adapta. Pasi ya nyumbani iache. Acha pia nguo za kombati zenye madoa ya kijeshi, raia hawaruhusiwi kuzivaa.

Kuhusu bangi, vijana hupotoshana sana. Tangu 2015, kukutwa na wakia 2 (kama gramu 56) au pungufu si kosa la jinai, lakini faini ipo, na kuvuka nayo uwanja wa ndege ni kesi nzito.

Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Kimbunga Melissa kilipiga kusini-magharibi mwa kisiwa tarehe 28 Oktoba 2025, kikaharibu vibaya. Ukienda upande huo, piga simu hotelini kwanza uulize wako katika hali gani.

Chakula hakitakusumbua, isipokuwa pilipili, na hiyo unaijua. Asubuhi agiza ackee, tunda linalopikwa kama mboga, na samaki wa chumvi. Tunda hilo likipikwa linafanana na mayai ya kuvuruga. Usichume mtini mwenyewe, kwani tunda ambalo halijapasuka lina sumu. Waachie wapishi wanaolijua.