Maswali ya Wasomaji: Sauti Nne za Eagles

Swali: Ndugu Mhariri, nimeisikiliza albamu ya kwanza ya Eagles, bendi ya roki ya Marekani, ya mwaka 1972, lakini sijatambua mwimbaji mkuu. Ni nani?

Jibu: Ndugu msomaji, hakuna mmoja, na hapo ndipo penye utamu wake. Glenn Frey, Don Henley, Bernie Leadon na Randy Meisner walipokezana kuongoza nyimbo, na mmoja alipoongoza wenzake walimwitikia kwa sauti za juu na za chini zilizokaribiana mno, hata sikio likadhani zimetoka koo moja. Mtayarishaji Glyn Johns aliirekodi albamu hiyo London. Katika wimbo “Take It Easy”, isikilize banjo ya Leadon, ala ya nyuzi, ikikimbia chini ya magitaa, huku sauti zikipanda pamoja. Kipande hicho mimi hukirudia kila mara.