Uliza Anti: Notisi imekuja, nyumba ni ya kaunti na jina ni la marehemu

Wiki hii karibu kila barua ni ya mambo ya nyumba, kwa hivyo wale wa mapenzi mnivumilie, zamu yenu inakuja. Nimechagua tatu, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa juu najua inawahusu wengi.

*Anti habari. Mimi naishi Nakuru kwa zile nyumba za zamani za manispaa ambazo saa hii ni za kaunti. Mzee wangu alifariki mwaka jana, alikuwa ameajiriwa kiwandani na yeye ndiye alikuwa analipa kodi, na nyumba iko kwa jina lake mpaka leo. Nauza omena sokoni lakini biashara imelala. Nina watoto watatu, mmoja ana miaka tisa na hatembei wala haongei, halafu naishi na mama mkwe wa miaka 73. Deni limefika 27,400 na wiki jana nikapata notisi ya siku 14, nilipe ama nitoke. Shemeji anasema tuandikishe nyumba kwa jina lake ndio alipe hilo deni. Nimeogopa hata kuenda ofisini, karani akiniona si ataniuliza pesa iko wapi. Nifanye nini?*
*Mama Brayo, Nakuru*

Mama Brayo dada yangu, pole sana kwa msiba. Enda ofisi ya nyumba kesho asubuhi, hata kama mfuko hauna kitu. Wewe unafikiri wanakujua lakini hebu fikiria hiyo faili inasema nini: kuna mwanaume fulani amepewa nyumba, alikuwa analipa vizuri, ameacha kulipa, akiandikiwa hajibu. Basi. Hakuna mahali pameandikwa amekufa, hakuna mjane, hakuna mtoto mgonjwa, hakuna shosho. Hiyo notisi ni ya mtu ambaye hayuko duniani, na ukiendelea kujificha, anayetolewa nje ni wewe.

Kwa hivyo kazi yako ya kwanza ni kuingiza maisha yako kwa hiyo faili, na huko ndiko watu wa huduma za jamii wanasaidia. Anza kwa chifu. Beba cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho chako na cha mama mkwe, umwombe barua inayosema wewe ni mjane wa fulani na mnakaa wote kwa hiyo nyumba. Ukitoka hapo unaenda kwa afisa wa Maendeleo ya Jamii wa kaunti ndogo yako, mara nyingi yuko palepale kwa ofisi za DCC (naibu kamishna wa kaunti), unamweleza kila kitu bila kuona haya na unamwomba aandike barua kwa ofisi ya nyumba kuhusu hali ya familia. Halafu pitia kwa afisa wa watoto pia. Watu wengi wanadhani hiyo ofisi ni ya watoto waliopotea ama waliopigwa tu, kumbe watoto watatu wakikaribia kulala nje hiyo ni kazi yao kabisa, na hapo Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe.

Nikuambie ukweli kabla uanze kutumaini vitu haviko. Kenya hatuna mfuko wa serikali wa kulipia mtu deni la kodi, afisa hatatoa 27,400 kwa droo. Anachoweza kukupa ni barua yenye muhuri na njia ya kufikia pesa ambazo ni haki yenu na hamjawahi kuzidai. Na kwako wewe naona kama tatu hivi.

Ile kubwa ni NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi. Mzee alikuwa ameajiriwa, na kama mwajiri alikuwa anamkata na kupeleka, kuna mafao ya warithi ambayo ni ya wewe na watoto. Enda ofisi yao ya Nakuru na namba ya kitambulisho chake waangalie. Inaweza kuchukua muda na makaratasi ni mengi lakini inawezekana kabisa hilo deni likalipwa na jasho la mzee mwenyewe, na wewe umekaa na hiyo pesa bila kujua. Na uende kiwandani pia uulize kama kuna mshahara ama malipo yoyote yalibaki.

Ya pili ni ya mama mkwe, Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya kusaidia wasiojiweza. Amepita miaka 70, anastahili kuandikishwa, ni 2,000 kwa mwezi. Chifu na huyo afisa wa jamii ndio wanajua uandikishaji uko lini. Hiyo ni pesa ya shosho si ya kodi, naomba tuheshimiane hapo, lakini ikinunua unga na dawa zake basi omena yako inapumua. Ya tatu ni ya huyo mtoto wa miaka tisa. Mpeleke hospitali ya serikali inayofanya tathmini ya ulemavu, aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha uulize kuhusu ile sehemu ya Inua Jamii ya wenye ulemavu mkali wanaohitaji mtu wa kuwaangalia mchana na usiku, nayo ni 2,000 kwa mwezi. Kwa hao wengine omba basari ya NG-CDF (mfuko wa eneo bunge) na ya kaunti kama wamefika sekondari. Zote hizi hazitaingia ndani ya siku 14, kwa hivyo usiziandike kwa barua kama pesa uko nayo.

Sasa barua yako kwa ofisi ya nyumba. Iandike kwa mkono tu, karani si mwalimu wa insha. Sema mpangaji alifariki tarehe fulani, wewe ni mjane, unaomba mambo mawili: upangaji uhamishwe kwa jina lako na deni ulipe polepole. Ambatanisha zile barua zote. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani, hiyo nakala ilale pamoja na vitambulisho. Kwa mpango wa malipo usijitie ushujaa. Nimeona watu wanaahidi elfu kumi kwa mwezi juu wanaogopa macho ya ofisa, mwezi wa kwanza wanashindwa, na sasa wanaonekana waongo juu ya deni. Sema kodi ya kila mwezi pamoja na elfu moja ya deni, na kitu kikitoka NSSF unamaliza. Siku hiyohiyo lipa hata elfu moja kwa njia rasmi ya kaunti, uchukue risiti. Usimpe mtu yeyote pesa mkononi akikuambia atakupangia, hata kama anakaa hapo ofisini.

Wakikataa, waombe wakatae kwa maandishi na waseme sababu. Hiyo si kiburi. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inataja haki ya makazi, cha 47 kinasema ofisi ya umma ikitaka kukuchukulia hatua ikutendee haki, na kuna sheria ya 2015 inayosema upewe notisi ya kutosha na nafasi ya kusikizwa kabla ya uamuzi. Mwaka 2013 wapangaji wa Muthurwa kule Nairobi, nyumba za pensheni ya wafanyakazi wa reli, walishinda High Court mbele ya Jaji Lenaola kwa vile walivyokuwa wanatolewa. Korti haikusema mtu akae bure, tusidanganyane. Ila kuna utaratibu. MCA wako, yule mwakilishi wa wadi, pia mwambie, kura mlimpa ya nini.

Na huyo shemeji. Usisaini kitu. Nyumba ya kaunti si shamba la mzee ligawanywe na ukoo, ni upangaji, na akishaandikwa yeye, siku mkikosana hata juu ya sufuria unaambiwa utoke. Kama ana roho ya kusaidia basi alipe deni kwa jina lililoko na akupe hiyo risiti. Tutaona kama bado atakuwa na haraka. Usipangishe mtu mwingine chumba ndio upate pesa, watu wamepoteza nyumba hivyo, na usikope shailoki. Hata ile Hustler Fund, mkopo wa serikali wa simu, inataka kurudishwa ndani ya siku 14, utakuwa umebadilisha notisi moja na nyingine.

*Anti, sisi tuko Nyalenda hapa Kisumu, si nyumba ya serikali, ni ya mtu. Kodi ni 2,300. Nimechelewa miezi miwili, landilodi amekuja na fundi akang'oa mlango na akasema kesho ni mabati. Kuna ofisi ya kunisaidia ama hiyo ni ya wapangaji wa kaunti pekee?*
*Ouma, Kisumu*

Ndugu Ouma, hiyo ya kung'oa mlango ni makosa, awe anakudai ama hakudai. Kodi yako haijapita 2,500, kwa hivyo uko chini ya ile sheria ya zamani ya Rent Restriction, na chini yake landilodi hawezi kukutoa bila amri ya tribunal, yaani baraza la kusikiza kesi za kodi ya nyumba. Piga picha za mlango leo, majirani wawili waandike walichoona, peleka kwa chifu na uandikishe polisi upate OB namba, ile ya kitabu chao cha matukio. Kisha uliza kwa rejista ya korti pale Kisumu jinsi ya kufikia tribunal. Akitaka vitu vyako kwa sababu ya deni, kuna njia ya dalali mwenye leseni na karatasi zake, si fundi na nyundo. Kama nyumbani kuna mama na watoto, FIDA, wale mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu na hawalipishi. Na mimi nakuuliza pia, hiyo miezi miwili umemwongelesha mara ngapi? Mtumie ujumbe wa simu leo ukisema utalipa nini na lini, huo ujumbe utakusaidia hata mbele ya tribunal.

*Shikamoo Anti. Dada yangu yuko Minnesota kule Marekani, anaishi nyumba ya serikali na watoto wawili. Walimpunguzia kazi, sasa amepata karatasi ya kutoka na analia kila usiku kwa simu. Sisi huku Kakamega tuchange tumtumie?*
*Wafula, Kakamega*

Wafula, msichange kwanza, hata shilingi zenu zikibadilishwa dola zitakuwa chache mno. Muulize swali moja: aliwaambia ofisi ya nyumba kwamba mshahara umepungua? Huko kodi ya nyumba ya umma kwa kawaida inapigwa kama asilimia 30 ya mapato baada ya makato fulani, kwa hivyo mshahara ukishuka, kodi nayo inafaa kushuka, lakini haishuki yenyewe. Lazima aripoti na apeleke stakabadhi za malipo mapya ili wapige hesabu upya. Wakenya wengi huko wanaogopa kuripoti, wanaona kama wanajianika, basi wanaendelea kudaiwa kodi ya mshahara ambao hawapati tena. Aripoti leo, aulize kama hesabu mpya inaweza kurudi nyuma mpaka mwezi alioripoti ama uliopita.

Halafu aombe kusikizwa. Wapangaji wa nyumba za umma huko wana utaratibu wa malalamiko, karatasi aliyopewa inafaa kueleza na inaonyesha siku ya mwisho ya kuomba, asiipitishe. Apige 211, ni simu ya kuelekezwa kwa huduma za jamii, na aulize kaunti yake kuhusu msaada wa dharura wa familia, juu huko tofauti na sisi kuna kaunti zinaweza kulipa deni la kodi kabisa kama mtu amefikia masharti. Aulize pia kama hiyo nyumba ina mratibu wa huduma kwa wapangaji, mahali pengine wako. Na tarehe ya korti ikitajwa aende, hata akiwa na homa, asiyefika huwa anahukumiwa bila kusikizwa. Ninyi wa Kakamega kazi yenu ni kumpigia asubuhi ya saa zao umuulize, umeripoti? Akisema bado, kata simu apate nafasi ya kuenda.