Unaanza utafiti wa risepta za ubongo? Njoo nikwambie yaliyonikuta kwanza

Kila ikifika mwezi wa tisa maabara yetu inapokea wanafunzi wapya, na siku hizi napata pia meseji za vijana wa nyumbani waliomaliza famasi au baiolojia wanauliza, kaka nijiandae vipi niingie kwenye mambo ya dawa za ubongo. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, sasa naandika yote kwa mpigo, usome ukiwa umekaa maana ni marefu.

Tuanze na Piriton, hiyo kila mtu ameshaimeza. Unameza kwa ajili ya mwasho, baada ya muda unasinzia kwenye daladala mpaka unapitishwa kituo. Alafu kuna setirizini, nayo inatibu mwasho ule ule lakini wengi hawasinzii hivo. Zote mbili zinaziba risepta (yaani kipokezi cha seli, nitaieleza chini) ile ile ya histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho, na risepta hiyo inaitwa H1. Tofauti ni kwamba Piriton inapenya vizuri kuingia kwenye ubongo, setirizini inapenya kidogo sana, na huko ndani histamini ni mojawapo ya vitu vinavyokuweka macho. Yaani risepta moja, dawa mbili, na ugomvi wote uko mlangoni. Ukielewa hapo umeshaelewa kitu ambacho mimi nilikisoma darasani na nikafaulu mtihani wake bila kukielewa.

Risepta yenyewe ni protini, nyingi ziko kwenye utando wa seli, kazi yake kupokea ujumbe wa nje na kuufikisha ndani. Watakufundisha mfano wa kufuli na ufunguo, sio mbaya, ila mimi siupendi sana maana kufuli halichezi, risepta inachezacheza, inabadili umbo, kuna dawa inaiwasha yote, nyingine inaiwasha nusu, nyingine haiwashi chochote inakaa tu mlangoni kama konda aliyeziba mlango wa basi, haendi popote na wewe hupandi. Familia moja tu ya risepta, zile zinazofanya kazi na protini za G (protini za ndani ya seli zinazopokea ujumbe kutoka kwa risepta), inabeba karibu theluthi ya dawa zote zilizosajiliwa, na binadamu tuna jeni zake kama 800. Lefkowitz na Kobilka walipata Nobel ya kemia 2012 kwa kazi ya familia hiyo. Kwa hiyo usishangae kila mtu anakimbilia huko.

Sasa nikupe aibu yangu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kazi ya kupima jinsi ligandi moja (dawa au kemikali yoyote inayoshika risepta) inavyonata kwenye risepta za ubongo wa panya. Njia yenyewe ni ya kizee lakini bado inatumika: unasaga ubongo unapata utando, unauweka kwenye mirija pamoja na ligandi iliyofungwa tritiamu ili itoe mionzi, unasubiri itulie, unachuja kwa karatasi ya nyuzi za kioo, unaosha haraka na bafa (maji yenye chumvi, asidi yake haibadiliki) ya baridi sana, alafu karatasi unazipeleka kwenye kaunta ikuhesabie. Mirija mingine unaongeza dawa isiyo na mionzi, nyingi mno, ili ifukuze ile yenye mionzi kwenye risepta. Ukitoa hesabu za mirija hii kwenye zile za jumla unapata kile kilichonata kwenye risepta yako. Rahisi.

Nikapata mkunjo wa grafu mzuri ajabu, unapanda, unalala, kama wa kwenye kitabu. Nikaurudia mara tatu, ule ule. Nikauweka kwenye slaidi, nikausimulia mbele ya watu kumi na mbili, nimevaa shati la kola. Supavaiza anatikisa kichwa kwa furaha. Nyuma kabisa kuna mama mmoja fundi wa maabara, yupo pale miaka mingi kuliko profesa mwenyewe, akauliza swali moja tu: mirija isiyo na ubongo ulipima?

Sikupima. Kesho yake nikarudia kila kitu, mirija ile ile, ligandi ile ile, ila tishu sikuweka, bafa tupu. Nikasimama pale kwenye kaunta naangalia namba zinatoka na tumbo linauma, maana zilikuwa karibu sawa na zile za wiki nzima. Na kibaya zaidi, dawa isiyo na mionzi ilikuwa inaifukuza ligandi hata kwenye karatasi, kwa hiyo hesabu yangu ya kutoa ilikuwa inanipa jibu safi kabisa la kitu ambacho hakipo. Nilikuwa nimegundua risepta ya karatasi. Dawa yake ni kuloweka zile karatasi kwenye polietilenimini, kemikali inayozuia ligandi kunata kwenye karatasi, kabla ya kuchuja, ambayo yule mama alikuwa anaijua toka zamani, angenieleza siku ya kwanza kama ningeuliza. Ila mimi nilikuja na akili ya nyumbani, fundi ni wa kuosha vyombo na mkubwa akiongea unanyamaza. Acha hiyo tabia airport.

Baada ya pale ndo nikarudi kusoma hadithi ya risepta ya morfini kwa macho mengine. 1973, Candace Pert, mwanafunzi wa PhD kwenye maabara ya Solomon Snyder, Johns Hopkins kule Baltimore, walitumia njia hii hii ya kusaga na kuchuja, na naloksoni (dawa inayoziba kazi ya morfini) yenye tritiamu, wakatangaza kwamba ubongo una risepta za dawa za jamii ya afyuni. Mwaka huo huo Eric Simon kule New York na Lars Terenius kule Uppsala nao walikuwa na matokeo yao. Sasa jiulize, kwa nini watu waliwaamini wakati mimi nilikuwa na mkunjo mzuri na ulikuwa takataka? Walikuwa na pacha. Kuna dawa inaitwa levofanoli inaondoa maumivu, na kuna dekstrofani, ina atomi zile zile kwa idadi ile ile ila imegeuzwa kama mkono wa kushoto na wa kulia, na kwa maumivu haifanyi kitu. Levofanoli ikawa inaifukuza naloksoni, pacha wake haifukuzi. Karatasi haina sababu ya kujua kushoto na kulia, risepta inajua. Wazo la kutumia mapacha lilishatolewa na Avram Goldstein wa Stanford 1971, ila yeye alichoona kwenye ubongo kilikuwa kidogo sana.

Hapo mimi nilikaa nikafikiria muda mrefu. Kabla hujaagiza ligandi, tafuta pacha wake. Kama haina pacha, tafuta panya aliyeondolewa jeni ya ile risepta, au seli ambazo hazina risepta hiyo kabisa. Ukikosa vyote basi jua bado huna eksperimenti, una matumaini tu.

Na swali la kwa nini ubongo uwe na mlango wa morfini, kitu kinachotoka kwenye utomvu wa ua, lilijibiwa 1975 na Hughes na Kosterlitz kule Aberdeen, walitoa kwenye ubongo wa nguruwe vijiprotini vifupi vinavyofanya kazi kama morfini, enkefalini. Nguruwe wa machinjioni, sio mashine ya mabilioni. Huwa nawakumbusha vijana wanaoniambia hawawezi kuanza kwa sababu chuo chao hakina vifaa.

Mengine haraka haraka maana utayakuta tu. Usipime kabla ligandi haijatulia kwenye risepta, subiri, pima kwa nyakati tofauti ujue inatulia lini. Ukiweka ligandi kidogo na risepta nyingi, ligandi inaisha na hesabu zote zinapinda. Dawa nyingi zinanata kwenye plastiki, haloperidoli ni mmojawapo wa wakorofi. Usilinganishe namba za IC50 (kiasi cha dawa kinachofukuza nusu ya ligandi) za maabara mbili, zigeuze kwanza kuwa Ki (kipimo cha dawa yenyewe inavyoshika risepta), fomula ya Cheng na Prusoff ipo toka 1973 na bado watu hawaitumii. Na usiamini panya kama ndugu yako: risepta ya serotonini (kemikali ya ubongo) iitwayo 5-HT1B ya panya na ya binadamu, asidi amino (tofali la protini) moja tu ikibadilika kwenye sehemu ya kushikia dawa, tayari dawa kadhaa zinaitambua tofauti kabisa. Moja! Watu wamepoteza miaka kwa kitu kama hicho.

Alafu kuna hili ambalo wageni hawapendi kulisikia. Dawa kushika risepta sio mgonjwa kupona.

Nina mjomba wangu Tanga, anaumwa akili toka nikiwa darasa la nne. Kila mwezi anachomwa Modecate, na ili asikakamae anapewa na vidonge vya Artane. Modecate inaziba risepta za dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, zinaitwa D2. Miaka ya 70 kundi la Philip Seeman kule Toronto na kundi la Snyder walionyesha kwamba dawa za aina hii, kadiri inavyoshika D2 kwa nguvu ndivyo dozi yake kwa mgonjwa inavyokuwa ndogo, na baadae vipimo vya picha za PET vikaonyesha kuwa dawa nyingi za namna hii zinafanya kazi D2 ikizibwa kama asilimia 60 mpaka 80, ukipita 80 mtu anaanza kukakamaa kama roboti. Mjomba alikuwa anapita 80, sihitaji PET kujua, nilimuona anashindwa kufunga vifungo vya shati. Ndo Artane inaingia, inaziba risepta za maskarini (aina ya risepta za kemikali iitwayo asetilikolini), mwili unalegea, ila mate yanakauka na kumbukumbu inapungua. Mjomba toka nimjue anatembea na chupa ya maji mfukoni, tukidhani anapenda maji tu.

Sasa sikiliza hii. Miaka ya 90 kampuni ya dawa ya Eli Lilly walikuwa na dawa inaitwa zanomelini, ambayo yenyewe inaziwasha hizo hizo risepta za maskarini, hasa M1 na M4. Wakaijaribu kwa wagonjwa wa Alzheimer's, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, matokeo yakatoka 1997: kuona na kusikia visivyokuwepo kulipungua, lakini watu walitapika na kutoka jasho, kwenye dozi ya juu, zaidi ya nusu ya watu wakaacha. Risepta ya ubongoni ilikuwa sahihi, tatizo zilikuwa ndugu zake za tumboni. Ikawekwa kabatini. Baadae watu wakaja na wazo ambalo ukilisikia unajipiga kofi, wakaichanganya na trospiamu, dawa ya kibofu inayoziba maskarini na haipenyi vizuri kwenye ubongo. Huku chini imezibwa, huko juu inawashwa. Ile ile hesabu ya Piriton na setirizini. Marekani wakaisajili Septemba 2024 kwa jina la Cobenfy kwa ajili ya skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta kuona na kusikia visivyokuwepo, na D2 haiigusi.

Usishangilie bado. Miezi miwili tu mbele, Novemba, dawa nyingine, emraklidini, inayolenga M4 peke yake, ambayo AbbVie, kampuni ya dawa, walinunua kampuni nzima kwa takriban dola bilioni 8.7 wakiitegemea sana, ilishindwa kuizidi dawa bandia kwenye majaribio mawili. Risepta ile ile tuliyokuwa tunaiimba. Na upande wa pili kuna fenfuramini ya kupunguza unene, ilitolewa sokoni 1997 kwa kuharibu vali za moyo kupitia 5-HT2B, risepta nyingine ya serotonini, ambayo hakuna aliyekuwa anailenga. Kwa hiyo ukipata namba nzuri kwenye risepta yako, nenda kapime na zile usizozitaka, moyo kwanza.

Mwaka jana nikiwa likizo nilimuelezea mjomba kazi yangu, nikamchorea kabisa kwenye mchanga, hii D2, hii M4, kwamba ipo dawa mpya inapitia njia nyingine. Akasikiliza mpaka mwisho, akafungua chupa yake akanywa funda moja, akauliza: na hiyo nayo inakausha mdomo? Nikacheka, alafu nikanyamaza, maana ndani ya kile kidonge kuna trospiamu.