Ukitaka kuwa fundi wa transmita, anza na cheche

Kijana mmoja wa Ujiji kaniandikia: "Shikamoo fundi. Nimesoma umeme, nataka kazi ya mitambo ya redio. Nianzie wapi?" Marahaba mdogo wangu. Namjibu hapa kwa sababu najua mko wengi mnaotamani kupanda mnara.

Anza na historia. Mimi imeniheshimisha.

Masika yaliyopita transmita, yaani mtambo wa kurusha matangazo, ya kituo kimoja hapa Kigoma ilikuwa inajipunguza nguvu kila mvua ikinyesha. Mtaalamu aliyeletwa kutoka mbali akasema ampilifaya, kile kipande cha kukuza nguvu, imekufa, inunuliwe nyingine. Nilipobisha, nikaambiwa mbele za watu kwamba mimi ni fundi wa redio za mbao. Neno lile linaniuma hadi leo. Nikapanda. Konekta ya kebo, pale inapoingia kwenye antena, ilikuwa imejaa maji na pini yake imeota kutu ya kijani. Nikaweka konekta mpya, nikaizungushia utepe wa mpira. Jioni redio ikasikika mpaka Kalinzi.

Nilijuaje? Mitambo ya zamani ilikuza nguvu kwa valvu, zile chupa za kioo zisizo na hewa, na valvu huvumilia nguvu ikigonga antena mbovu na kurudi. Transista, kipande kidogo kilichochukua kazi ya valvu, iliyozaliwa Marekani mwaka 1947, haina uvumilivu huo. Huungua kufumba na kufumbua. Ndiyo maana transmita za leo zimeundwa zijipunguze zenyewe nguvu inaporudi. Maji ya konekta yalirudisha nguvu, kwa hiyo ile haikuwa inakufa, ilikuwa inajihami! Asiyejua valvu atalaumu ampilifaya maisha yake yote.

Rudi nyuma zaidi. Marconi, Mwitaliano aliyetangulia kutuma ujumbe bila waya, alirusha mawimbi kwa cheche tu za umeme. Septemba 1901 dhoruba ikaangusha minara yake ya Poldhu, Uingereza. Akafunga antena nyepesi zaidi, na Desemba akatangaza kuwa ameinasa herufi S kutoka Poldhu akiwa Newfoundland, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Antena, vijana, antena! Cheche zilitapakaa kwenye masafa mengi, vituo vikaingiliana. Valvu zikaleta wimbi moja lisilokatika, linaloweza kubeba sauti. Mwaka 1933 Mmarekani Armstrong akapata hataza za FM, inayobeba sauti kwa kubadili masafa ya wimbi, si nguvu yake kama AM, na ndiyo maana radi za huku kwetu hazikwaruzi matangazo kama zinavyokwaruza AM.

Acheni kukimbilia laptop. Tafuteni transmita iliyotupwa stoo, muifungue, muulize kila kipande kimewekwa kuzuia nini. Waulizeni wazee waliohudumia valvu. Ila zimeni umeme kwanza na mtoe chaji kwenye kapasita, vipande vinavyohifadhi umeme. Zile huua hata waya ukiwa umechomolewa.