Asilimia za vinasaba hazitaji jina la Mjerumani

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, ninaishi Kanada. Babu mzaa mama, aliyezaliwa karibu na mwaka 1911, alikuwa chotara, na nyumbani tuliambiwa kwamba baba yake alikuwa Mjerumani mwenye shamba la kahawa. Nimepima vinasaba kwa mate na kupata asilimia 11 ya Ulaya ya Kaskazini Magharibi. Wakala mmoja anasema kwamba kwa majibu hayo, na kwa ada yake, atanipatia jina la Mjerumani huyo, cheti cha nasaba na hatimaye pasipoti ya Ujerumani. Nimlipe?

JIBU: Usimlipe. Majibu yako hayapingani na simulizi ya nyumbani, kwa kuwa kila mmoja wa wazazi wa babu na bibi zetu hutuachia kwa wastani asilimia 12.5 ya vinasaba. Lakini hapo ndipo kazi ya asilimia hiyo inapokoma. Kampuni huipata kwa kulinganisha mate yako na sampuli za watu wa leo ilizozikusanya yenyewe, na ikiongeza sampuli hizo mwakani, tarakimu yako inaweza kubadilika ilhali wewe ni yule yule. Haijui mwaka 1911, haiijui Usambara, wala haiwezi kumtofautisha Mjerumani na jirani yake Mholanzi kwa uhakika ambao watu wanaudhania. Kila mara mimi huletewa tarakimu za namna hii na watu wanaoamini kwamba jina limefichwa ndani yake, na inasikitisha kwamba wapo wanaoishi kwa kuwauzia imani hiyo.

Jina, likipatikana, hutoka katika orodha ambayo kampuni hutoa ya watu mnaoshirikiana vipande vya vinasaba. Ikiwa mtu huyo alizaa pia na mke wa Kizungu, vitukuu vyake wa upande ule wanapaswa kushirikiana nawe takriban asilimia 1.5, kiasi kinachoonekana bila shida endapo nao wamepima. Wajerumani waliopima ni wachache wakilinganishwa na Wamarekani, kwa hiyo anza na wale wenye ukoo uliohamia Marekani.

Lenye thamani zaidi ni mjomba wako, kama yupo mtoto wa kiume wa babu huyo aliye hai. Kromosomu Y, sehemu ya vinasaba waliyo nayo wanaume tu, hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume bila kukatika, kwa hiyo mjomba anayo ile ile ya mtu unayemtafuta, na wewe uliyepitia kwa mama huwezi kuwa nayo. Tena yeye amebeba karibu robo ya vinasaba vya mtu huyo, mara mbili ya ulivyobeba wewe. Ikiwa anaishi Tanzania, uchunguzi wa vinasaba unasimamiwa na sheria ya mwaka 2009 kupitia Mkemia Mkuu wa Serikali. Uliza utaratibu huko kabla ya kusafirisha sampuli, na kwanza upate ridhaa yake mwenyewe.

Kwenye kumbukumbu, usitegemee kukuta jina la baba katika cheti. Tangu mwaka 1906 serikali ya koloni ilizuia ndoa kati ya Wazungu na Waafrika, na watoto wa namna ya babu yako mara nyingi waliandikwa kwa mama tu, au hawakuandikwa kabisa. Tafuta kwanza vitabu vya ubatizo vya misheni, kama ile ya Mlalo iliyoanzishwa mwaka 1891, kisha majalada ya Kijerumani katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ukikumbuka kwamba Lushoto humo inaitwa Wilhelmstal na kwamba mwandiko wake wa kale huwatatiza hata Wajerumani wa leo. Majalada ya wizara ya makoloni yako Berlin, katika Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani.

Waulize wazee jina la utani la mtu huyo, maana walowezi walijulikana kwa majina hayo kuliko kwa ya kwao: Tom von Prince, afisa wa jeshi la Kijerumani aliyegeuka mlowezi, aliitwa Bwana Sakarani, na Sakarani ni mahali huko huko Usambara hadi leo. Waulize pia kama kweli alikuwa Mjerumani. Reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, ilijengwa na Wagiriki wengi, na Mzungu yeyote wa zama zile ameishia kuitwa Mjerumani katika simulizi za koo nyingi.

Ama pasipoti, mtoto wa nje ya ndoa hakurithi uraia wa baba Mjerumani hadi Julai 1, 1993, na nafuu iliyowekwa mwaka 2021 inawagusa waliozaliwa baada ya Mei 23, 1949. Babu yako hayumo, na hakuna kipimo cha mate kitakachomwingiza. Mawakala hawa wanalijua hilo, ila wanajua pia kwamba anayetamani kutambuliwa na ukoo uliomkana atalipa mara ya pili na ya tatu. Vyeti vyao vina nembo na mihuri, na majina yamechotwa katika miti ya ukoo ambayo watu wasiojuana hunakiliana mtandaoni bila kuona waraka hata mmoja. Akikufuata tena, mtake namba ya jalada, jina la hifadhi lilipo, na picha ya ukurasa wenyewe, kabla hujazungumzia fedha.