Mtoto mwenye selimundu darasani: niliyoyajua nimechelewa

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa darasa la awali huku Mwanza, hutakaa sana kabla hujampata mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao seli nyekundu hujikunja na kuwa na umbo la mundu. Kanda ya Ziwa tunao wengi. Macho yana umanjano, mwili mdogo kuliko umri, na kwenye daftari la mahudhurio "hayupo" zimejipanga.

Mimi nilianza vibaya. Nilikuwa na mvulana, kila baada ya muda mfupi ananyoosha kidole: "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Nikaona anakwepa kuhesabu. Siku moja nikamwambia asubiri mapumziko. Akajikojolea mkekani, wenzake wakacheka, siku tatu hakuonekana. Mama yake ndiye aliyenielimisha, tena kwa upole ambao sikuustahili. Ugonjwa huu hudhoofisha figo, zikashindwa kubakiza maji mwilini, ndiyo maana mtoto hukojoa mara kwa mara. Maji yakipungua, zile seli zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo kwa urahisi zaidi, na maumivu yakaanza. Siku hizi chupa ya maji inakaa mbele ya mtoto, na chooni haombi ruhusa, anainuka tu.

Baridi nayo ni adui. Upepo wa ziwani ukivuma baada ya mvua, avae sweta juu ya sare hata kama mwalimu wa zamu atanuna. Kucheza acheze, ila akikaa chini usimwinue.

Kinachonitia hofu zaidi ni kusahau. Wiki jana irabu zote tano alizijua, leo anakutolea macho. Huenda ni uchovu wa kupungukiwa damu. Lakini wapo wanaopata kiharusi cha kimyakimya: hakuna mkono uliopooza, ila umakini na kumbukumbu vinashuka. Kiboko hakirudishi kitu hapo. Andika ulichokiona na tarehe, mzazi apeleke kliniki. Mdomo ukipinda ghafla, au mkono ukilegea, ni hospitali muda uleule. Homa vilevile, usimpe panadoli ukamlaza ofisini, watoto hawa maambukizi huwazidi haraka.

Akitoka wodini simkimbizi awafikie wenzake. Tunakaa dakika kumi na visoda, tunaanzia pale alipoachia. Yule mvulana nilimfungia visoda kumi kwenye mfuko akiwa amelazwa. Mama yake anasema alivihesabu huku damu ikiingia, na kimoja kilipobingirika chini ya kitanda cha jirani, akadai vimebaki tisa.